Mjukuu anasikia sauti na ameanza dawa: tumwombeeje bila kumdhuru?

Nyanya wa Ganda

Bwana asifiwe, wapendwa. Nauliza kwa ajili ya mjukuu wangu wa kiume, umri miaka 19. Tunakaa naye hapa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Anasikia sauti zinazomtukana, chakula anakigusagusa tu, na usiku anazunguka uani. Hospitali wamempa haloperidoli ya miligramu 5, kidonge kimoja usiku. Leo ni siku ya nne.

Akina mama wa ushirika wanataka kuja kukesha kwangu siku tatu mfululizo, tuombe naye ndani na tufunge sote, yeye akiwemo. Wengine wanasema ukichanganya vidonge na maombi umeigawa imani yako. Mimi kuomba nataka, tena sana, ila sijui niombe nini na niombeje mbele yake. Nimpake mafuta? Nimwambie namwombea au ninyamaze? Na kufunga, nifunge mimi au yeye? Anayejua anijibu kwa undani, maana ya juujuu nimeshaambiwa mengi.

Muuguzi wa afya ya akili, Kilifi

Shikamoo nyanya. Naanza na kesha, kwa kuwa hatari iliyo karibu ndiyo hiyo. Mgonjwa wa saikosisi, yaani anayesikia au kuamini mambo ambayo wengine hawayaoni, anahitaji sana usingizi ili apone. Usiku mmoja au miwili bila usingizi unaweza kuurudisha ugonjwa juu, hata kama dawa ameimeza. Kesha la saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri linaziondoa saa zilezile ambazo dawa ilitarajiwa kumlaza. Akina mama wakeshe, kukesha ni kwema, lakini wakeshe kanisani au kwa mwenzao. Kwako taa izimwe saa tatu, na redio pia. Nasisitiza redio kwa sababu mahubiri ya usiku kucha ni ya kawaida majumbani, na kijana mwenye hali hii anaweza kuamini kabisa kwamba mhubiri anamsema yeye.

Kufunga: yeye asifunge, hata nusu siku. Dawa za kundi hili hupunguza uwezo wa mwili kujipoza, na joto la Malindi wakati wa kaskazi unalijua mwenyewe. Anahitaji maji mchana kutwa. Siku moja daktari akimbadilishia lithiamu, dawa nyingine ya afya ya akili, kukaa bila maji kunaweza kuipandisha dawa kwenye damu mpaka ikawa sumu: mikono inatetemeka, anaharisha, anayumba. Nadhani sisi wa huku hatuhitaji kushawishiwa sana kuhusu kumfungisha mtu asiye na nguvu. Shakahola, msitu ambako waumini walifungishwa hadi kufa, iko papa hapa kwetu, na miili iliyofukuliwa kuanzia 2023 ilipita 400.

Kuhusu muda. Usingizi na utulivu huweza kuja siku za mwanzo. Sauti huchelewa: kwa kawaida hupungua polepole kati ya wiki mbili na sita, na kuna wanaobaki na mnong'ono kwa muda. Kwa hiyo mtu akikuambia wiki ijayo kwamba vidonge vimeshindwa, amehesabu mapema. Kosa kubwa zaidi hutokea mbele huko, kijana akishachangamka: familia inatoa ushuhuda kanisani, vidonge vinawekwa kando kama alama ya imani, na baada ya wiki kadhaa au miezi sauti zinarudi, safari hii zikiwa ngumu kuzizima. Baada ya tukio la kwanza dawa huendelea mwaka mmoja hadi miwili baada ya dalili kuisha, na anayeipunguza ni daktari, kidogo kidogo.

Muulize pia kama anatafuna muguka (aina ya miraa) au anavuta bangi. Uliza kwa upole, bila kutafuta wa kumlaumu. Muguka unaondoa usingizi na kuchochea ubongo ule ule ambao dawa inautuliza, kwa hiyo vinavutana. Kama amewahi kutumia unga, yaani heroini, sema hospitalini. Malindi pana kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia wanaoacha unga, na wanaozoea kazi hiyo hawashangai.

Nyanya wa Ganda

Ahsante mwanangu. Kuna jambo sikulisema. Jana jioni shingo yake ilipinda kwa kushoto ikakaa hivyo, macho yakaelekea juu kama anatazama dari, ulimi ukawa mzito, mate yakamtoka. Kama nusu saa hivi, kisha ikalegea. Tulikuwa tunaimba pambio. Jirani akasema basi, pepo limejionyesha.

Muuguzi wa afya ya akili, Kilifi

Nyanya, hiyo ni haloperidoli. Usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke leo.

Naeleza ili na jirani aelewe. Dawa hii hufunga sehemu fulani za ubongo zinazohusika na sauti anazosikia, lakini ubongo huo huo unaongoza na misuli. Kwa vijana wa kiume hasa, katika siku chache za kwanza, misuli ya shingo, taya, ulimi na macho inaweza kukaza ghafla. Kichwa kinageukia upande mmoja au kurudi nyuma, macho yanapanda, maneno hayatoki. Akili yake wakati huo ipo, anasikia kila mnachosema, na anaogopa mno. Sasa hebu fikiria watu kumi wamemzunguka wanapiga kelele "toka!" naye hawezi hata kuifungua taya aseme anaumia.

Inatibika upesi: hospitalini hupewa benziheksoli au dawa ya kundi hilo, na ikiwa ya sindano shingo huanza kulegea ndani ya dakika chache. Huenda wakapunguza dozi au wakambadilishia olanzapini, ambayo haikazi shingo kwa kiasi hicho ila humfanya ale sana na kunenepa. Beba pakiti ya dawa mkononi, usiiache. Ikitokea tena njiani, mkalishe wima, mfute mate, msimnyweshe kitu. Akikoroma au kushindwa kuvuta pumzi, hiyo ni dharura ya dakika ile ile.

Dalili nyingine ya kukumbuka, japo hutokea kwa nadra: homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho jingi, na anachanganyikiwa. Hapa pwani homa tunaiita malaria kabla ya kupima. Apimwe malaria, sawa, lakini mwambieni mhudumu palepale kwamba anameza haloperidoli. Asimeze tena kabla hajaonwa.

Mzee wa kanisa, Muyeye

Nyanya, amani ya Bwana iwe kwako. Akishatoka hospitalini, maombi yenyewe yaende hivi.

Yagawe mawili: ya mbele yake, na ya chumbani mwako. Yakichanganyika ndipo yanapoharibika. Chumbani lia, omba saa nzima, mhoji Mungu. Zaburi 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza, na Zaburi 88 inaisha gizani bila hata neno la shukrani, nayo bado ni maombi matakatifu. Ukikosa la kusema, Warumi 8:26 inakupa ruhusa ya kuugua tu. Lakini yote hayo yasimfikie kijana masikioni. Akikusikia unalia "Mungu, mwanangu ameharibika," sauti zake zitalirudia neno hilo usiku kucha.

Mbele yake ombi liwe na sentensi nne au tano. Kwanza muulize: "Nikuombee sasa, au baadaye?" Subiri jibu. Akae karibu na mlango, njia ikiwa wazi, wewe kaa ubavuni pake, usimsimamie kichwani. Tumia sauti ile ile unayoombea chumvi mezani. Macho yako yabaki wazi. Usimshike kichwa; kama amekubali, weka mkono mmoja begani. Kisha kitu kama hiki:

"Bwana Yesu, huyu ni mtoto wako. Umemjua tangu tumboni. Usiku huu tunaomba usingizi. Asante kwa chakula alichokula na kwa dawa aliyomeza. Ilinde nyumba hii. Amina."

Ombi moja kwa usiku mmoja: usingizi, au hamu ya kula, au woga upungue. Ukiomba "mponye kabisa sasa hivi" kila jioni, kila asubuhi anaamka akiwa ameshindwa tena mtihani.

Yapo maneno ya kuepuka, na sababu zake ni za kweli. Usiombe "Bwana, sema naye." Mtu anayesikia sauti zinazomwamuru hana njia ya kupambanua, na sauti ya kwanza kuja ataitii kama ya Mungu. Usiseme na pepo kupitia yeye, wala kuzipa sauti zile jina, maana umezithibitisha. Usitaje dhambi za wazazi wake. Wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi, katika Yohana 9, Bwana aliwajibu si huyu wala wazazi wake.

Na usomaji wa Biblia uuchague wewe. Mathayo 5:29-30, kung'oa jicho na kukata mkono, usimsomee kipindi hiki, wala Mwanzo 22 ya Isaka, wala wanyama wa Ufunuo. Akili iliyo katika hali hiyo inachukua neno kama lilivyo na inaweza kulitenda. Kama Biblia yake ina alama za kalamu kwenye mistari hiyo, mwambie muuguzi. Zaburi 4:8 ni ya kulalia, fupi, inataja usingizi kwa jina. Zaburi 121 pia: anayelinda hasinzii, kwa hiyo mlindwa anaweza kusinzia.

Mpangilio wa jioni ninaouona unafaa: saa moja na nusu chakula, saa mbili kidonge na maji glasi nzima, ombi la nusu dakika, Zaburi 4, kisha ajiandae kulala. Ombi likifungwa na kidonge, vyote viwili havisahauliki. Tahadhari moja tu: usimwambie "Yesu anataka umeze." Siku shingo ikikaza atamkasirikia Yesu. Sema "daktari amesema umeze, nasi tunamshukuru Mungu kwa daktari."

Mafuta, ndiyo. Yakobo 5:14 inasema aite wazee wa kanisa, kwa hiyo waje wazee wawili, mchana, dakika kumi. Mafuta ya zeituni, tone moja kwenye kidole gumba, paji la uso. Hayanywewi, hayamwagwi kichwani, hayapakwi machoni. Yakobo hakuandika kwamba anayepakwa aache tiba, na Paulo aliyemwita Luka "tabibu mpendwa" alisafiri naye.

Mwombaji wa Gongoni

Nawaheshimu, lakini naona mnamwogopa shetani. Mathayo 17:21 iko wazi: namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga. Na mtoto yule alikuwa na kifafa. Kwa nini mnamwambia nyanya asiwaruhusu akina mama?

Mzee wa kanisa, Muyeye

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na silikwepi. Tazama anayeambiwa maneno hayo ni nani: wanafunzi, tena pembeni, walipomuuliza kwa nini wao walishindwa. Kufunga ni kwa waombaji. Mtoto hakuambiwa afunge. Na binti wa Yairo, miaka 12, alipoinuka tu Bwana aliamuru apewe chakula, Marko 5:43. Basi akina mama wafunge, hasa walio na afya, na waitoe ile bei ya chakula iwe samaki na matunda ya kijana.

Soma tena habari hiyo hiyo katika Marko 9. Kabla ya kukemea chochote Bwana alimuuliza baba: amepatwa na haya tangu lini? Baba akaeleza tangu utoto, na jinsi alivyoanguka motoni na majini. Alimsikiliza mpaka mwisho. Na ombi la baba lilikuwa fupi: naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Hilo, nyanya, ukilisema usiku mmoja bila kuongeza lingine, umeomba.

Sikatai vita vya rohoni. Nakataa vita hivyo kupigwa juu ya mwili wa mtoto aliyechoka. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, malaika hakumkemea. Mkate, gudulia la maji, alale. Kisha mkate tena.

Katekista, Malindi mjini

Kwa Wakatoliki watakaosoma hapa, niongeze mawili. Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padre peke yake, kwa mafuta yaliyobarikiwa kwa ajili hiyo. Chupa za mafuta ya maombi zinazouzwa si sakramenti, hata zikiwa na picha ya mtakatifu. Mpigieni paroko, mwelezeni ugonjwa na dawa, yeye ataamua. La pili, kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inakataza mtu yeyote kuwapunga pepo watu waliopagawa bila ruhusa maalumu ya askofu. Kikundi cha maombi hakina ruhusa hiyo, hata kiwe na miaka mingapi.

Mratibu wa maombi, Gede

Nyanya, hao akina mama usiwafukuze, wape kazi. Tatizo la vikundi vingi si nia, ni ujumbe wa simu. Mtu anaandika jina la kijana, ugonjwa, pengine na video ya shingo iliyopinda, na kufikia jioni imefika Mambrui na Watamu. Kijana atapona, atataka kuendesha tuktuk au kurudi shule, na atakaa katikati ya watu walioiona ile video.

Ujumbe uwe hivi: "Tumwombee kijana wa familia moja apate usingizi na hamu ya kula wiki hii." Hakuna jina, hakuna picha, hakuna sauti iliyorekodiwa. Watu saba, kila mmoja siku yake. Na mwenye zamu anakuja pia na kitu cha mkono: wa Jumanne akae na kijana kwa muda wa saa mbili mchana ili wewe ulale, wa Alhamisi amsindikize kliniki, wa Jumamosi afue mashuka. Wale wanne wa Marko 2, waliomleta mwenye kupooza kwa Yesu, walibeba kitanda, wakatoboa na paa. Bibi anayemwangalia mgonjwa usiku kucha na kuomba alfajiri huanza kupandwa na presha mwenyewe, na akianguka yeye dawa hazimezwi.

Chunguzeni na nyumba: sumu ya panya, dawa ya kupulizia mahindi, panga, kamba za mbuzi. Viende kwa jirani mpaka hali itulie. Vidonge vya mwezi mzima vikae kwako, umpe kimoja kimoja.

Muuguzi wa afya ya akili, Kilifi

Hapo umegusa penyewe. Nyanya, muulize waziwazi, mkiwa wawili: "Hizo sauti zinakuambia ujiumize? Umewaza kufa?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata chooni mlango usifungwe, na aende hospitali usiku huo huo. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi. Mjue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Nyanya wa Ganda

Tumerudi hospitalini. Alichomwa sindano, shingo ikanyooka nikiona kwa macho yangu. Wamempa benziheksoli na haloperidoli wameipunguza. Akina mama wamekubali kukeshea kanisani. Lakini jioni nilipomuuliza nimwombee, akasema "sitaki, nyanya, nyamaza." Sasa?

Mzee wa kanisa, Muyeye

Mjibu "sawa, baba," na usiombe mbele yake. Usimnong'onezee akiwa amelala pia. Akizinduka akasikia mnong'ono hatajua ni wewe au ni zile sauti. Omba jikoni ukisonga ugali, midomo imefungwa. Hana, mama yake Samweli, aliomba moyoni, midomo tu ikicheza, na Mungu alimsikia ingawa kuhani alidhani amelewa. Muulize tena baada ya siku tatu, mara moja, kwa maneno yale yale.

Muuguzi wa afya ya akili, Kilifi

Na asubuhi muulize amelala saa ngapi, uandike kwenye daftari: saa alizolala, alichokula, kidonge amemeza au la, shingo ikoje. Mstari mmoja kwa siku. Siku ya kliniki njoo na daftari hilo na vidonge vilivyobaki, tuvihesabu pamoja.